Rudolf Diesel: fundi aliyepunguza kiu ya malori, akafa akaunti zake zikiwa tupu

Kabla lori halijatoka Butembo kuelekea Kisangani, au Bukavu kuelekea Uvira, dereva na mwenye mzigo hupiga kwanza hesabu moja: mazutu yataingia lita ngapi, na baada ya safari itabaki faida gani. Hesabu hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi mhandisi mmoja wa Kijerumani zaidi ya miaka 130 iliyopita. Huku kwetu mafuta ya lori tunayaita mazutu, lakini sehemu nyingi za dunia huyaita dizeli. Wengi hudhani ni jina la mafuta tu. Kumbe ni jina la ukoo la mtu: Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858 na kutoweka baharini mwaka 1913.

Maisha yake yana jambo la kushangaza. Mtu aliyefundisha dunia namna ya kutopoteza mafuta, alishindwa kuzuia pesa zake mwenyewe zisipotee.

Mtoto wa wahamiaji

Rudolf Christian Karl Diesel alizaliwa tarehe 18 Machi 1858 katika mji wa Paris. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi, mtu wa Augsburg katika jimbo la Bavaria. Mama yake, Elise, alitoka Nuremberg. Familia haikuwa na mali. Rudolf alipokuwa mdogo alikuwa akisukuma mkokoteni katika mitaa ya Paris, akipelekea wateja bidhaa za baba yake.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, na Wajerumani waliokaa Paris wakalazimika kuondoka. Familia ya Diesel ilifunga mizigo na kukimbilia London. Huko maisha yalikuwa magumu, na kabla ya vita kwisha wazazi walimtuma Rudolf, mwenye umri wa miaka 12, peke yake hadi Augsburg kwa ndugu zao. Mume katika nyumba hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu. Hivyo mtoto mkimbizi alipata mahali pa kulala, na pia mtu wa kumwongoza katika masomo.

Akiwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa mhandisi. Mwaka 1873 alimaliza shule akiwa wa kwanza, na mwaka 1875 akapata msaada wa masomo wa kuingia chuo cha ufundi cha Munich. Wazazi hawakupenda, maana walitaka aanze kuleta mshahara. Yeye akachagua kitabu.

Swali lililotoka darasani

Katika chuo cha Munich alifundishwa na Carl von Linde, profesa aliyejulikana kwa mashine za kutengeneza baridi na barafu. Ndani ya darasa la Linde, Diesel alijifunza jambo lililomkaa moyoni maisha yote. Mashine za mvuke, zilizokuwa zikiendesha viwanda, meli na garimoshi za wakati huo, zilikuwa zikitupa karibu joto lote la makaa. Katika kila mifuko 10 ya makaa iliyotiwa motoni, kazi iliyopatikana haikuzidi ile ya mfuko mmoja hivi. Mingine tisa ilipotea kama joto na moshi.

Wakati wengi walikuwa wakishindana kutengeneza mashine kubwa zaidi, yeye alijiuliza swali lingine: katika mafuta tunayochoma, ni sehemu gani inarudi kwetu kama kazi? Swali hilo ndilo linalotofautisha nguvu na uchumi wa mafuta. Injini inaweza kuwa na nguvu nyingi na bado ikawa mlafi. Inaweza pia kuwa na nguvu ya kawaida, lakini kila tone likafanya kazi.

Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake. Alipopona alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha Sulzer, mjini Winterthur, Uswisi, kisha akarudi na kufaulu kwa alama za juu mnamo Januari 1880. Linde alimpeleka Paris kusimamia kiwanda cha barafu. Huko alimuoa Martha Flasche mwaka 1883, wakapata watoto watatu. Mwaka 1890 alihamia Berlin. Mchana aliuza na kutengeneza mashine za baridi. Saa zilizobaki alichora injini yake.

Moto bila cheche

Wazo lake linaeleweka na kila mtu aliyewahi kujaza upepo katika tairi la baiskeli. Ukipiga pompi kwa nguvu, sehemu yake ya chini inapata joto, kwa sababu hewa ikibanwa inawaka joto. Diesel aliwaza: hewa ikibanwa sana ndani ya silinda, itakuwa na joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe, bila buji, bila cheche ya umeme. Na kadiri hewa inavyobanwa zaidi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto la mafuta inavyogeuka kuwa kazi.

Aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1892, akaipata Februari 1893. Mwaka huo alitoa kitabu akitabiri kwamba injini yake itaweza kutumia zaidi ya asilimia 70 ya joto la mafuta. Utabiri huo ulikuwa mkubwa mno, naye mwenyewe alilazimika kurekebisha mahesabu. Lakini Heinrich von Buz, mkurugenzi wa kiwanda cha mashine cha Augsburg, kile ambacho baadaye kilikuja kuitwa MAN, alikubali kumpa chumba, mafundi na vyuma. Kampuni ya Krupp nayo ilitia pesa.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 10 Agosti 1893. Mlipuko ulivunja kipimo cha presha, vipande vikaruka karibu na watu waliosimama pale. Hata hivyo Diesel alifurahi, kwa kuwa aliona jambo kuu limethibitika: hewa iliyobanwa inawasha mafuta. Mwezi wa Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Ilichukua miaka mingine mitatu ya kuvunja, kufungua na kuanza upya.

Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini mbele ya wataalamu. Ilikuwa na silinda moja tu, kubwa ya lita 19.6. Ilitoa karibu nguvu za farasi 18, ikizunguka mara 154 kwa dakika. Kwa saa moja ilikula gramu 238 za mafuta kwa kila farasi mmoja. Maana yake, asilimia 26.2 ya joto la mafuta iligeuka kuwa kazi. Kwa mtu anayetazama nguvu peke yake, farasi 18 kutoka kwenye chuma kikubwa namna ile ni kitu kidogo. Kwa mtu anayelipa mafuta, hakuna mashine iliyowahi kufanya hivyo.

Mali, sifa na magonjwa

Wateja walikuja mbio. Mwaka uleule wa 1897 Adolphus Busch, tajiri wa pombe wa Marekani, alilipa marki milioni moja kwa haki ya kutengeneza injini hiyo nchini kwake. Wengine walifuata kutoka Ufaransa, Urusi, Uswisi na Denmark. Katika muda mfupi mtoto wa mkokoteni wa Paris akawa milionea, akajenga jumba la fahari mjini Munich.

Lakini injini za kwanza zilizouzwa ziliharibika mara kwa mara, na wanunuzi wakadai pesa zao. Wahandisi wengine walisema wazo si lake, wakitaja kazi ya Mwingereza Herbert Akroyd Stuart na ya wengine. Kesi na mabishano vilimchosha, maumivu ya kichwa yakamzidi, na mwaka 1898 akapelekwa mahali pa kupumzisha wagonjwa. Pesa alizopata alizitia katika biashara ya viwanja na visima vya mafuta, na nyingi zilipotea. Mwaka 1903 aliandika kitabu kuhusu namna wafanyakazi wangeweza kuungana na kumiliki viwanda vyao. Nakala 10,000 zilichapwa; zilizouzwa ni mia chache tu.

Injini yenyewe iliendelea kusonga mbele. Mwaka 1903 iliingia katika vyombo vya majini, Ufaransa na Urusi. Mwaka 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia ilivuka bahari kubwa kwa injini za namna hiyo. Barabarani ndipo ilipokwama. Wakati ule mafuta yalisukumwa ndani ya silinda kwa hewa ya kompresa nzito, na gari halikuweza kubeba mzigo huo wote. Diesel alijaribu injini ndogo ya gari karibu na mwaka 1908, ila haikuzaa biashara. Hakuona lori la dizeli likipakia mzigo.

Mafuta ya karanga, kisha mawese ya Kongo

Kuna sehemu ya habari hii inayogusa Afrika moja kwa moja. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba watu wachache waligundua tofauti. Aliyetaka jaribio hilo ni serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zinalimwa kwa wingi. Diesel alilikumbuka jambo hilo, na mwaka 1912 alieleza kwamba mafuta ya mimea yanaweza siku moja kuwa na thamani kama mafuta ya ardhini.

Baada ya kifo chake, wazo hilo lilifika hadi kwenye mawese ya Kongo. Mwaka 1937 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels, Chavanne, alipewa hati ya uvumbuzi nchini Ubelgiji kwa namna ya kugeuza mafuta ya mawese ili yafae injini za dizeli. Mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Wataalamu wengi wanahesabu kazi hiyo kuwa mwanzo wa kile kinachoitwa leo biodizeli. Basi lilikuwa Ubelgiji. Mawese yalikuwa ya koloni.

Usiku wa tarehe 29 Septemba

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913, Diesel alipanda meli iitwayo Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza kwa shughuli za kampuni inayotengeneza injini zake. Alikuwa na miaka 55. Alikula chakula cha usiku pamoja na wenzake wawili wa safari, wakatembea kidogo juu ya meli. Karibu saa nne ya usiku aliwaaga, akaomba aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Asubuhi chumba chake kilikuwa kitupu. Kitanda hakikulaliwa. Nguo yake ya kulala ilikuwa imetandikwa, na saa yake imewekwa mahali pa kuonekana. Kofia na koti lake vilikutwa upande wa nyuma wa meli, karibu na chuma cha ukingo. Siku kumi hivi baadaye, mabaharia wa chombo cha Uholanzi waliona mwili ukielea. Walitoa vitu vidogo mifukoni, kisha wakaurudisha mwili baharini. Mtoto wake Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Kabla ya safari, Diesel alikuwa amemwachia mke wake mfuko, akimwomba asiufungue mpaka juma lifuatalo. Ndani mlikuwa na marki 20,000 taslimu, pamoja na karatasi za benki zilizoonyesha kwamba akaunti zao zilikuwa karibu tupu. Katika kitabu chake cha tarehe, siku ya 29 Septemba ilikuwa na alama ya msalaba.

Magazeti ya wakati ule yalikisia mengi: wafanyabiashara wa mafuta, au wapelelezi waliohofia siri za injini za nyambizi kuangukia mikono ya Waingereza. Hakuna lililothibitishwa. Waandishi wengi wa maisha yake wanaona kwamba alijiua kwa sababu ya madeni. Chini ya mwaka mmoja baadaye vita vya kwanza vya dunia vilianza, na habari yake ikafunikwa.

Farasi wengi, lita chache

Lori la dizeli lilikuja alipokuwa hayupo tena. Kati ya mwaka 1923 na 1924 viwanda vya Ujerumani vya Benz, Daimler na MAN vilionyesha malori ya kwanza, yenye nguvu za farasi 40 hadi 50. Mwaka 1927 Robert Bosch alianza kutengeneza kwa wingi pampu ya kusukuma mafuta, na ile kompresa nzito ikasahaulika. Februari 1936 Mercedes-Benz ilitoa gari dogo la dizeli, 260 D, lenye farasi 45. Lilikula lita 9 na nusu hivi kwa kilomita 100, wakati ndugu yake wa petroli, ile tunayoiita esanse, alikula 13.

Ili kuelewa Diesel aliacha nini, inafaa kuweka magari ya zamani kando ya malori ya leo. Nguvu ya farasi mmoja ni ile ya kuinua mzigo wa kilo 75 hadi urefu wa mita moja kwa sekunde moja. Ford Model T, gari la petroli lililoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1908, lilikuwa na injini ya lita 2.9 na farasi 20. Lilikula kati ya lita 11 na 18 kwa kilomita 100, ingawa halikuwa na uzito wa hata tani moja.

Cadillac Eldorado ya mwaka 1970, gari la kifahari la Marekani, lilikuwa na injini ya petroli ya lita 8.2, na kiwanda kiliandika farasi 400. Namba hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Zamani Wamarekani walipima injini ikiwa peke yake mezani, bila vifaa vinavyokula nguvu zake garini. Kipimo kilipobadilishwa, Eldorado ya mwaka 1972, yenye injini ya ukubwa uleule, iliandikwa farasi 235. Farasi walipungua sana kwenye karatasi, kiu haikupungua: gari hilo la tani mbili na kidogo lilikunywa zaidi ya lita 20 kwa kilomita 100.

Lori la Ulaya la siku hizi lina injini ya lita 13 hivi na farasi karibu 500. Likivuta tani 40 kwenye lami nzuri, linakula takriban lita 30 kwa kilomita 100. Ukigawanya kwa uzito, Cadillac ilikula karibu lita 10 kwa kila tani, lori halifikishi lita moja. Yapo na makubwa zaidi: Volvo FH16 iliyotolewa mwaka 2024 ina farasi 780 katika injini ya lita 17. Injini ya Augsburg, iliyokuwa na lita 19.6, ilikuwa na 18.

Tofauti hiyo ina sababu. Injini ya Model T ilibana hewa mara nne na kidogo tu. Ile ya lori la leo inabana mara 16 hadi 20. Tena kuna turbo, inayosukuma hewa nyingi ndani ya silinda kwa kutumia moshi unaotoka. Wazo la Alfred Büchi wa Uswisi, aliyepata hati yake mwaka 1905. Zile gramu 238 za mwaka 1897 zimeshuka hadi karibu 135 kwa injini nzuri. Mwezi wa Aprili 2024 kampuni ya China, Weichai, ilitangaza injini ya dizeli iliyogeuza asilimia 53 ya joto la mafuta kuwa kazi. Asilimia 70 za Diesel hazijafikiwa hadi leo.

Faida hiyo haiji peke yake. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema moshi wa dizeli unaleta saratani. Na hesabu za lami haziingii kwenye matope. Lori likikwama siku tatu njiani, tairi zikizunguka bila kusogea, uchumi wote wa injini unabaki kwenye udongo. Hata moshi mweusi unaotoka kwenye lori lililochoka ni mazutu yasiyoungua vizuri, yaani pesa ya mwenye gari inayopaa hewani.

Hapo ndipo swali la Diesel linabaki hai kwa kila mtu anayenunua lori. Muuzaji atataja farasi kwanza, kwa sababu farasi wanavutia. Lakini gari litakalolisha familia ni lile linalorudisha sehemu kubwa ya kila lita kama kazi. Mtu aliyeanza hesabu hiyo hakuacha mali, wala hana kaburi. Jina lake liko kwenye vituo vya mafuta vya dunia nzima.